Volta na hewa ya matope

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto wa nyumbani, jina ya Volta munaishika kila siku: volti zinazoandikwa ku betri ya tochi zinatoka ku jina yake. Lakini mbele ya betri alituachia kazi ingine, ile ya kupima hewa inayotoka mu matope.

Alessandro Volta alizaliwa Como, Italia, tarehe 18 Februari 1745. Alifika karibu miaka 4 bila kusema, na baba yake alikufa yeye angali mtoto. Hata hivyo alisoma, akawa mwalimu wa fizike, kwanza Como, halafu Pavia.

Mwezi wa Novemba 1776 alikuwa Angera, pembeni ya Lago Maggiore. Kati ya matete akachokora matope na fimbo, mapovu yakapanda. Sisi watu wa Lualaba tunayaona kama hayo, tunapita. Yeye hakupita. Alijaza chupa maji, akaigeuza juu ya mapovu. Hewa ikaingia, maji yakatoka. Akaleta moto, ile hewa ikawaka bluu. Kisha akatengeneza chombo cha kuipima: anaichanganya na hewa ya kawaida mu bomba ya kioo, anaiwasha na cheche ya umeme, anaangalia kiasi gani imebaki.

Ile hewa njo metani. Njo inayolipuka mu migodi ya makaa ya mawe, na iko pia chini ya ziwa Kivu. Volta aliona inatoka ku majani na nyama zilizooza. Betri yake ilikuja mwaka wa 1800. Alikufa Como tarehe 5 Machi 1827, mbele wataalamu hawajaonyesha kwamba mikrobi njo zinafanya metani.

Leo, kwenye kusafisha maji machafu, tope inafungwa mu chupa bila hewa, inawekwa mu joto kama ya mwili, gazi inapimwa. Ikitoka nyingi, mikrobi zinatumika vizuri. Ikipungua, zimekosa chakula ao sumu imeziingia.

Mikrobi za namna hiyo ziko mu fose septike za Kindu na mu vyoo vya machimboni. Basi tusifungue shimo na sigara mdomoni, wala tusishuke ndani: metani inawaka, na hewa zingine za mule zinaua bila moto. Volta alikuwa na fimbo na chupa, akapima yote bila kuingia mu matope.