Maisha ya Jean Lurçat, mtu aliyefufua kazi ya wafumaji



Mara hii tunawaletea habari za Mfaransa mmoja, Jean Lurçat. Alizaliwa tarehe 1 Julai 1892 huko Bruyères, mashariki ya Ufaransa. Alikuwa asomee uganga, lakini akaacha, akafuata uchoraji katika mji wa Nancy. Vita ya 1914 ilipoanza akaenda kupigana. Mwaka wa 1917 alichora picha mbili, na mama yake mwenyewe akazishona kwa uzi. Njo mwanzo wa kazi yake.

Kazi gani? Ni vile vitambaa vikubwa vya sufu, vyenye picha, vinavyotundikwa ukutani. Wafaransa wanaviita tapisseri. Mji wa Aubusson ulivifuma tangu miaka mamia. Lakini wakati wa Lurçat kazi ile ilikuwa karibu kufa. Juu ya nini? Wafumaji walilazimishwa kuiga picha za rangi ya mafuta, kwa nyuzi nyembamba na rangi nyingi mno. Kipande kidogo kilikula miezi mingi, bei ikapanda, wanunuzi wakakimbia.

Kabla kidogo ya vita ya pili, Lurçat aliona katika mji wa Angers tapisseri ya Ufunuo wa Yohana, iliyofumwa karne ya 14. Watu walikuwa wameidharau, hata wakaikatakata na kufunikia miti wakati wa baridi. Kumbe, pamoja na uzi mnene na rangi chache, ilikuwa na nguvu kupita zote! Basi mwaka wa 1939 alienda Aubusson pamoja na wachoraji wenzake. Akachagua uzi mnene, akapunguza rangi zikabaki makumi tu, na kila rangi akaipa namba. Mfumaji alisoma namba kwenye mchoro, akatwaa sufu yake, hapana kubahatisha tena. Kazi ikaenda mbio, bei ikashuka, mafundi wakapata mkate.

Wajerumani walipoitawala Ufaransa, Lurçat aliingia kati ya waliowapinga. Mwaka wa 1943 tapisseri yake juu ya uhuru, yenye shairi la Paul Éluard, ilifumwa kwa siri. Mwaka wa 1944 mtoto wake Victor aliuawa. Lurçat hakuacha kazi.

Mwaka wa 1957 alianza kazi kubwa kuliko zote, Wimbo wa Dunia. Ni vipande 10, urefu wake pamoja karibu mita 80. Vya kwanza vinaonyesha bomu na mtu wa Hiroshima. Vinavyofuata vinaonyesha mtu katika amani, maji, moto, na nyota. Alikufa tarehe 6 Januari 1966, kazi haijatimia yote. Sasa imetundikwa Angers, mji uleule wa Ufunuo, ndani ya hospitali ya zamani.

Lakini tusisahau hawa wengine. Lurçat alichora, waliofuma ni mafundi wa Aubusson. Wao hufuma wakiangalia upande wa nyuma, wenye nyuzi zinazoning'inia. Uso wa kazi wanauona vizuri siku inapokatwa na kushushwa. Miezi yote ile wanaamini namba na mikono yao. Sisi tunaongojea matokeo ya mtihani wa mwisho, tunawaelewa kabisa.