Ndaye Mulamba, mtu aliyeliliwa kabla ya kufa



Mwezi uliopita, kisha mkutano wetu, mvua ilitufungia chini ya mabati ya shule. Tulikuwa tumeacha jambo moja la ajenda bila kulimaliza, nitalirudia mwishoni. Kwa kungoja mvua, vijana wakaanza kubishana: mfungaji gani ni mkubwa kupita wote katika historia ya inchi yetu?

Wa kwanza akamtaja Shabani Nonda. Huyo alizaliwa hapa jirani, Bujumbura, akapitia Dar es Salaam, akafika Monaco, na mwaka wa 2003 akawa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa kwa goli 26. Mwingine akasema hapana, ni Trésor Mputu wa Mazembe, ambaye mwaka wa 2009 alichaguliwa kuwa mchezaji bora kati ya wale wanaocheza ndani ya Afrika. Kelele ikapanda. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akatoa jina moja tu: Ndaye Mulamba. Vijana wengi wakatazamana. Mimi niliyesoma chuo kikuu nilijua zile goli tisa, basi, zaidi ya hapo sikujua kitu. Nikaahidi kutafuta na kuandika. Haya ndiyo niliyoyapata.

Pierre Ndaye Mulamba alizaliwa tarehe 4 mwezi wa 11 mwaka wa 1948 kule Luluabourg, mji tunaouita leo Kananga. Alianza mpira kwao Kasai, kisha akaitwa Kinshasa kuchezea AS Vita Club. Watu walimpa majina mawili. La kwanza ni Volvo, kwa nguvu zake, kama lori linalopanda mlima bila kupumzika. La pili ni Mutumbula. Bazee wetu wanalijua neno hilo: ndiye yule mtu wa usiku anayeteka watu, ambaye watoto walitishwa naye ili walale mapema. Makipa walitishwa na Ndaye namna hiyo hiyo.

Mwaka wa 1973 Vita ilifika fainali ya Kombe la klabu bingwa za Afrika. Ilipigwa 4-2 kule Kumasi, Ghana, na Asante Kotoko. Kwenye mechi ya marudiano Kinshasa, ikashinda 3-0 na kubeba kombe. Ndaye alikuwa ndani ya timu ile.

Miezi michache baadaye, mwezi wa 3 mwaka wa 1974, Leopards walikwenda Misri kwenye Kombe la Afrika. Hapo naomba tuhesabu polepole, maana ubishi wa vijana unahitaji hesabu. Mechi ya kwanza, na Guinea, tulishinda 2-1, goli zote mbili za Ndaye. Mechi ya pili, ndugu zetu wa Brazzaville walitupiga 2-1, Ndaye hakufunga. Mechi ya tatu tukaipiga Maurice 4-1, moja lake. Nusu fainali ilikuwa na Misri wenyewe, mbele ya watu wao. Tulikuwa nyuma 2-0, na watu wengi walifikiri safari imeisha. Tukashinda 3-2, goli mbili za Ndaye, moja ya Kidumu.

Fainali ilikuwa na Zambia. Ikaisha 2-2 kisha muda wa nyongeza, zetu zote mbili za Ndaye. Siku zile fainali haikumalizwa kwa penalti, kwa hiyo ikachezwa upya siku mbili baadaye. Tukashinda 2-0. Nani alifunga? Ndaye, na tena Ndaye. Kwa jumla ni goli tisa katika mechi sita, za shindano moja. Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire alikuwa na nane mwaka wa 1970. Samuel Eto'o wa Kameruni amepita watu wote kwa goli 18, lakini hizo alizikusanya katika mashindano mengi. Tisa za shindano moja, mpaka leo, hakuna aliyezifikia, hata sasa ambapo timu inayofika fainali inacheza mechi saba.

Mwaka ule ule Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika weusi kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani ya Magharibi. Si mnajua ilivyokuwa. Tulipigwa 2-0 na Scotland. Pesa walizoahidiwa wachezaji hazikufika mikononi mwao, na karibu wakatae kuingia uwanjani kukutana na Yugoslavia. Waliingia, wakapigwa 9-0. Katika mechi ile mchezaji mwenzake, Mwepu Ilunga, alimpiga mwamuzi teke kwa hasira. Mwamuzi akachanganya watu, akamtoa Ndaye kwa kadi nyekundu wakati haijafika nusu saa. Mfungaji wetu mkubwa akaondoka Kombe la Dunia kwa kosa la mtu mwingine, na mechi ya Brazil, tuliyopoteza 3-0, hakuicheza.

Serikali ya wakati ule haikuwaruhusu wachezaji wa taifa kwenda kuuza mpira wao Ulaya. Kwa hiyo Ndaye alibaki, akazeeka na Vita. Utajiri wake ulikuwa jina tu, na jina hilo ndilo karibu limwue. Mwaka wa 1994 Shirikisho la mpira la Afrika lilimwita Tunisia, likampa nishani kwa zile goli tisa. Aliporudi, watu wenye silaha walimvamia, wakidhani mtu anayepewa heshima ya namna hiyo lazima amerudi na pesa. Wakampiga risasi mguuni. Rafiki mmoja alimficha na kumtunza nyumbani kwake miezi minane. Katika miaka hiyo mibaya alimpoteza pia mtoto wake wa kwanza. Mwaka wa 1996, vita ilipoanza, alikimbia peke yake hadi Afrika Kusini.

Hapo, wandugu, habari yake inakuwa habari yetu. Alifika Johannesburg, kisha Cape Town, bila kitu. Familia moja ya mtaa wa watu maskini, ambayo haikuwa na ukoo naye, ilimpokea. Alilinda magari ya watu kwenye parking ili apate chakula. Alizama katika pombe. Watu walipita wakamwachia sarafu, hawakujua huyu ni nani.

Mwaka wa 1998 Kombe la Afrika lilichezwa Burkina Faso. Habari ikasambaa kwamba Ndaye Mulamba amefia katika mgodi wa almasi kule Angola. Uwanja mzima ukasimama, ukanyamaza dakika moja kwa kumlilia. Na yeye alikuwa hai, kule Cape Town. Kongo ikamaliza ya tatu katika shindano lile, watu wakafurahi, kisha wakarudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa amekwenda kuhakikisha.

Baadaye alijulikana tena yuko wapi. Alikuwa ameoa mwanamke wa kule na alikuwa akiwafundisha vijana wa mtaa mpira. Mwaka wa 2010, Kombe la Dunia lilipofika Afrika Kusini, kitabu na filamu juu yake vilikwisha kutengenezwa. Alifariki Johannesburg tarehe 26 mwezi wa 1 mwaka wa 2019, akiwa na miaka 70, kisha kuugua muda mrefu. Alikuwa ameishi zaidi ya miaka 20 tangu watu walipomlilia mara ya kwanza.

Sasa nirudi kwenye jambo lile la ajenda. Tuna mwanachama, jina lake silitaji, aliyekwenda kuchimba upande wa Walikale tangu msimu uliopita. Ilisemwa kwamba shimo limemwangukia. Kukatolewa shauri tufute jina lake katika kaye ya chama, na fungu lake la mbegu ya maharagwe apewe mwingine anayengoja. Sisi sote tunajua kwamba mashimo yanaua kweli, na mbegu haitoshi. Anayengoja naye ana watoto. Lakini nilipouliza nani alimwona, nani alizika, kila mtu alikuwa amesikia kwa mwenzake.

Nimeiomba komite, na imekubali, jina libaki mpaka mvua za kupanda zinapoanza. Fungu lake limewekwa pembeni, mkewe atalipokea kama mwenyewe hajaonekana. Anayengoja amewekwa wa kwanza kwenye mgao unaofuata. Tumetuma ujumbe kwa madereva wa pikipiki wanaopita barabara ya Walikale, na kwa wanachama wetu wa huko. Kama unajua kitu, hata kidogo, pita kwa sekretari au umtume mtoto. Tunaomba habari ya mtu aliyeona kwa macho.

Kwenu wafadhili: mkiona orodha yetu ina majina ya watu wasiosaini kila mwezi, hiyo ndiyo sababu.

Kuhusu ubishi wa vijana, mimi kura yangu nimempa Ndaye. Waliobaki na Nonda na Mputu tukutane kwenye mkutano ujao, na kila mmoja aje na hesabu yake.