Edison na Wateja Waliofungwa na Jina

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hufunzwa katika kila darasa la Kiswahili nchini, na sina nia ya kuipinga. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kusimama dukani mbele ya mitambo miwili ya kazi ile ile, mmoja wa kampuni aliyoizoea tangu utotoni na mwingine wa kampuni ngeni, atakubali kwamba aghalabu mkono huelekea kwenye jina kabla akili haijakagua ubora. Hali huwa nzito zaidi pale mitambo hiyo inapotumia mifumo isiyooana, kiasi kwamba sahani au kanda ya huyu haiwezi kuchezwa kwa mtambo wa yule. Hapo mnunuzi huwa amechagua upande, apende asipende.

Ningependa kulichunguza jambo hili kupitia maisha ya mtu ambaye kila mwanafunzi wa shule ya msingi amelisikia jina lake, Thomas Alva Edison. Wengi wetu tunamjua kwa taa ya umeme. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kwa zaidi ya miaka 40 mtu huyu aliuza sauti, na kwamba katika biashara hiyo alishindwa na wapinzani waliotumia mfumo ambao yeye aliuona kuwa duni.

Edison alizaliwa tarehe 11 Februari 1847 katika mji wa Milan, jimbo la Ohio, Marekani, akakulia Port Huron, jimbo la Michigan. Shuleni alikaa kwa muda mfupi sana, na aliyemfunza nyumbani ni mamake, Nancy, aliyewahi kuwa mwalimu. Alipotimu umri wa miaka 12 alianza kuuza magazeti na peremende katika gari la moshi lililosafiri baina ya Port Huron na Detroit. Baadaye alijifunza kazi ya kupokea na kutuma telegramu. Tangu utotoni masikio yake yalikuwa mazito, na uziwi huo ulizidi kadiri umri ulivyosonga. Ni kinaya kikubwa kwamba aliyeiwezesha dunia kuhifadhi sauti ya binadamu alikuwa mtu asiyesikia vyema. Alipotaka kuisikiliza mitambo yake aliuma mbao zake kwa meno, ili mtetemo wa sauti upite mfupani hadi kichwani.

Mwaka wa 1877, katika karakana yake ya Menlo Park, jimbo la New Jersey, aliunda fonografu. Ilikuwa silinda ya chuma iliyozungushiwa karatasi nyembamba ya bati. Mtu aliponena, sindano ilichora mifereji juu ya bati, na sindano ilipopitishwa tena mle mle, sauti ilirejea. Mwaka uliofuata Edison alichapisha orodha ya kazi ambazo mtambo huo ungeweza kufanya. Humo alitaja vitabu vya kusikilizwa na vipofu, ufundishaji wa matamshi, na uhifadhi wa lugha kama zinavyotamkwa na wenyewe. Mimi kama mwanaisimu siwezi kuipita orodha hiyo bila kustaajabu. Mwaka wa 1890 mtafiti Jesse Walter Fewkes alitumia fonografu kurekodi Wapassamaquoddy, wenyeji asilia wa jimbo la Maine. Mwaka wa 1906 Karl Weule, mtafiti Mjerumani, aliubeba mtambo wa aina hiyo hadi kusini mashariki mwa Tanzania ya leo akarekodi nyimbo za wenyeji kwenye silinda za nta.

Lakini baada ya kuzua mtambo huo Edison aliuweka kando. Akazama katika taa ya umeme, ambayo aliifanikisha mwaka wa 1879, na mwaka wa 1882 akafungua kituo cha kusambaza umeme katika barabara ya Pearl, New York. Humo alishikilia umeme wa mkondo wa upande mmoja, ilhali mpinzani wake George Westinghouse alitetea ule wa mkondo geu, unaosafiri mbali kwa urahisi zaidi. Mkondo geu ulishinda. Mwaka wa 1892 kampuni ya Edison iliunganishwa na nyingine, ikaitwa General Electric, na jina lake likafutwa kwenye bango. Mtu angedhani kwamba somo hilo lingemtosha.

Wakati Edison alipokuwa akishughulika na taa, wengine waliushughulikia mtambo wake wa sauti. Watafiti wa maabara ya Alexander Graham Bell waliweka nta mahali pa bati. Naye Emile Berliner, mhamiaji kutoka Hannover, Ujerumani, mwaka wa 1887 alipata hataza ya gramafoni, ambayo hatimaye ilitumia sahani bapa badala ya silinda. Edison alizinduka, na mwaka wa 1888 akatoa fonografu mpya ya silinda za nta. Mashindano ya mifumo miwili yakaanza.

Tuipime mifumo hiyo kwa haki. Silinda ilizunguka kwa mwendo ulio sawa tangu mwanzo hadi mwisho, ilhali kwenye sahani sindano hupita polepole zaidi inapokaribia katikati, na sauti hufifia. Isitoshe, mwenye fonografu aliweza kurekodi sauti yake mwenyewe nyumbani, jambo ambalo mwenye gramafoni hakuweza. Kwa upande wa pili, sahani iligongwa kwa chapa kama sarafu, nakala elfu kwa elfu, wakati ambapo hadi mwanzoni mwa karne ya 20 mwimbaji wa silinda alilazimika kurudia wimbo ule ule mara nyingi ili nakala zitoshe. Sahani pia zilipangwa rafuni kama vitabu. Kwa hiyo ubora wa sauti ulikuwa upande mmoja, na wepesi wa kuzalisha na kuhifadhi ulikuwa upande mwingine.

Mwaka wa 1901 Eldridge Johnson alianzisha kampuni ya Victor mjini Camden, New Jersey. Victor ilitambua kwamba watu hununua mtambo kwa ajili ya kile kitakachochezwa juu yake. Ikamsajili Enrico Caruso, mwimbaji mashuhuri wa opera kutoka Italia, na majina mengine makubwa. Mwaka wa 1906 ikatoa Victrola, gramafoni ambayo pembe yake ilifichwa ndani ya kabati la mbao, ikafanana na samani za sebuleni. Nembo ya mbwa anayesikiliza pembe ya gramafoni ikaenea duniani. Ni nembo hiyo hiyo iliyokuwa kwenye sahani za kampuni ya His Master's Voice, ambayo Siti binti Saad wa Unguja aliirekodia nyimbo za Kiswahili mjini Bombay mwaka wa 1928.

Edison yeye aliliamini jina lake. Na kwa hakika alikuwa na sababu: jina jema hung'ara gizani, na la kwake lilikuwa limeng'ara katika miji mizima. Wakulima wa Marekani waliokuwa mbali na kumbi za muziki waliinunua fonografu kwa kuwa ilikuwa ya Edison. Aliamini kwamba jina hilo pamoja na usafi wa sauti vingetosha, hata mwimbaji asipojulikana. Alichagua nyimbo mwenyewe, yeye mwenye masikio mazito, na akaudharau muziki wa jazi ambao vijana walikuwa wakiulilia.

Mwaka wa 1912 alikiri kwa vitendo kwamba soko lilitaka sahani. Akatoa sahani yake, nzito, yenye unene wa robo inchi, iliyochezwa kwa sindano ya almasi isiyohitaji kubadilishwa, ilhali mwenye gramafoni ya Victor alitakiwa kuweka sindano mpya ya chuma kila mara. Sauti yake ilisifiwa sana. Kuanzia mwaka wa 1915 kampuni iliandaa maonyesho ambamo mwimbaji alisimama kando ya mtambo, taa zikazimwa, hadhira ikatakiwa kubaini ni wakati gani mtu anaimba na ni wakati gani mtambo unaimba. Lakini kwenye sahani ya Edison sindano ilipanda na kushuka, ilhali kwenye sahani za Victor iliyumba kushoto na kulia. Bila kifaa cha ziada, za huyu hazikuchezeka kwa mtambo wa yule. Tena sahani nyingi za mwanzo hazikuandikwa jina la mwimbaji. Sergei Rachmaninoff, mpiga piano maarufu, alimrekodia Edison mwaka wa 1919, na mwaka uliofuata akahamia Victor. Aliyempenda Rachmaninoff alimfuata huko, lakini mtambo wake ulibaki wa Edison.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Tunapomwona mtu akinunua bidhaa za kampuni moja mwaka baada ya mwaka, tunasema ni mwaminifu kwa jina hilo. Lugha yetu hutupa neno moja kwa hali mbili. Kuna anayerudi kwa sababu anapenda, na kuna anayerudi kwa sababu hana budi. Mkulima mwenye silinda 100 rafuni hakuwa huru kama jirani yake asiyekuwa na hata moja. Kuhamia Victor kungemaanisha kuutupa mkusanyiko wake wote. Mara ya kwanza alinunua kwa imani. Mara ya kumi alinunua kwa sababu ya zile tisa zilizotangulia. Kwa muuzaji anayetazama daftari la mauzo, watu hawa wawili hufanana kabisa, na hapo ndipo muuzaji hudanganyika akadhani kwamba anapendwa.

Hata hivyo, sharti tumpe Edison haki yake. Mwaka wa 1908 alipotoa silinda za dakika nne badala ya mbili, aliwauzia wenye mitambo ya zamani vipuri vya kuiwezesha kucheza silinda mpya. Wapinzani walipoacha kutengeneza silinda, yeye aliendelea hadi mwaka wa 1929, japo wanunuzi walikuwa wakipungua. Uaminifu wa wateja aliulipa kwa uaminifu wake. Lakini hata deni hilo alililipa kwa sarafu iliyopungua uzito, kwa kuwa tangu mwaka wa 1915 hivi silinda zake zilinakiliwa kutoka kwenye sahani, na sauti yake haikuwa safi kama ya awali. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Mwisho wake ulikuja kwa kasi. Redio iliingia majumbani katika miaka ya 1920, na Edison hakuipenda. Mwaka wa 1925 Victor na Columbia walianza kurekodi kwa umeme. Yeye aliwafuata mwaka wa 1927. Mwaka wa 1926 alitoa sahani za kucheza kwa muda mrefu, hadi dakika 20 kila upande, lakini zilikuwa na sauti ndogo na hazikununuliwa. Katikati ya mwaka wa 1929 kampuni yake ilianza kutoa sahani za mfumo wa wapinzani wake. Miezi michache baadaye, mwishoni mwa Oktoba, siku zile zile soko la hisa la New York lilipoporomoka, ikaifunga biashara ya santuri. Edison alifariki tarehe 18 Oktoba 1931, akiwa na hataza 1,093 za Marekani.

Historia ilijirudia katika mikanda ya video. Sony ilitoa Betamax mwaka wa 1975, JVC ikatoa VHS mwaka wa 1976. Wengi waliisifu picha ya Betamax, lakini kanda yake ya mwanzo ilirekodi saa moja tu, ilhali ya VHS ilirekodi saa mbili. Mwaka wa 1988 Sony yenyewe ilianza kuuza mitambo ya VHS. Waliokuwa wamejaza kabati kwa kanda za Betamax walibaki na kabati.

Lugha nayo ina hukumu yake. Nchini Marekani mtambo wa sahani uliendelea kuitwa kwa neno la Edison, fonografu, ingawa mfumo wake ulikuwa umeshindwa. Uingereza walichukua neno la Berliner, na kupitia kwao sisi tukapata gramafoni. Kumbe jina laweza kudumu mdomoni muda mrefu baada ya kitu chenyewe kutoweka dukani.

Kwa walimu wanaonunulia shule vifaa, na kwa wanafunzi watakaoanzisha nyumba zao kesho, sisemi jina la kampuni lipuuzwe. Jina ni kumbukumbu ya kazi nzuri iliyotangulia, na si haki kuidharau kumbukumbu. Nasema tu kwamba kumbukumbu ya taa haithibitishi ubora wa santuri. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi na aulize maswali matatu: kifaa hiki kitaafikiana na vya wenzangu? Nitakavyovinunua kwa ajili yake vitafaa kwa kifaa kingine? Na siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Muuzaji asiyeweza kulijibu swali hilo la tatu hajamheshimu mteja wake, hata awe na jina kubwa kama la Edison.