Bertha Benz: Mama aliyeitoa gari karakanani na kulifanya la familia

MWENYE gari anayempelekea fundi gari lake ili abadilishiwe bitana za breki ni nadra kufahamu kwamba kazi hiyo, kwa mujibu wa wengi wanaofuatilia historia ya magari, ilianzia kwa mshona viatu. Ilikuwa mwaka wa 1888, katika kijiji cha Bauschlott, kusini magharibi mwa Ujerumani. Aliyetoa agizo alikuwa mama wa watoto wanne aliyekuwa safarini kwenda kumjulia hali mamake mzazi.

Mama huyo ni Bertha Benz. Jina la mumewe, Carl Benz, limeandikwa katika kila kitabu kinachoeleza asili ya gari. La Bertha lilikaa kivulini kwa miaka mingi, ilhali ni yeye aliyeonyesha kwamba chombo kile kingeweza kuendeshwa umbali mrefu, kukarabatiwa njiani na kurudisha watu nyumbani wakiwa salama.

Bertha Ringer alizaliwa Mei 3, 1849, katika mji wa Pforzheim, jimbo la Baden. Babake alikuwa seremala na mjenzi aliyejiweza. Inasimuliwa kwamba mtoto huyo alipozaliwa, babake aliandika katika Biblia ya familia maneno ya masikitiko kwa kuwa alikuwa amepata msichana mwingine. Akiwa angali mdogo, Bertha alipenda kumsikiliza babake akieleza jinsi mashine zinavyofanya kazi.

Mwaka wa 1869 alikutana na Carl Benz, mhandisi kijana aliyekuwa amesomea chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Kijana huyo hakuwa na fedha. Alichokuwa nacho ni ndoto ya kuunda gari lisilovutwa na farasi, jambo ambalo watu wengi wa wakati huo wangelichukulia kuwa mzaha.

Katika desturi za huko, mali ya ndoa haikutoka kwa mume kwenda kwa wakwe kama ilivyo mahari katika jamii zetu. Wazazi wa msichana ndio waliomtengea bintiye mali ya kuanzia maisha. Carl alipokuwa akikabwa na ugomvi kati yake na mshirika wake wa biashara, August Ritter, Bertha aliomba apewe sehemu ya mali hiyo mapema ili hisa za Ritter zinunuliwe. Wakati huo walikuwa hawajaoana. Ndoa ilifungwa Julai 20, 1872, na kufikia siku hiyo fedha za bibi harusi zilikuwa tayari zimekuwa vyuma na mitambo mjini Mannheim.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Madeni yaliwaandama huku familia ikizidi kukua: Eugen alizaliwa 1873, Richard 1874, Clara 1877 na Thilde 1882. Nuru ilianza kuonekana mkesha wa Mwaka Mpya wa 1879, pale injini ambayo Carl alikuwa akihangaika nayo ilipokubali kunguruma, Bertha akiwa kando yake karakanani. Mwaka wa 1883 kampuni ya Benz & Cie ikaundwa, na Januari 29, 1886, Carl akawasilisha ombi la hataza ya gari la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa injini. Jina la mkewe halikuwemo. Sheria za enzi hizo zilimweka mke pamoja na mali yake chini ya mamlaka ya mumewe.

Hataza hiyo, hata hivyo, haikuleta wanunuzi. Carl alikuwa mtu wa kutoridhika na kazi yake. Kila alipomaliza kifaa kimoja alikibomoa ili akitengeneze upya. Gari lilionyeshwa katika barabara za Mannheim, watu wakalitazama, wengine wakacheka, wengine wakaogopa, kisha kila mmoja akarudi kwa farasi wake. Fedha za Bertha zilikuwa zimezama humo, na ujana wake pia. Iwapo gari lile lingebaki kifaa cha maonyesho, familia nzima ingeangamia nalo.

Ni katika hali hiyo ambapo Bertha alichukua uamuzi wa kijasiri. Mapema Agosti 1888, wakati wa likizo ya shule, yeye na wanawe wawili, Eugen mwenye umri wa miaka 15 na Richard wa miaka 13, waliamka alfajiri na kulitoa gari nje Carl akiwa angali amelala. Hawakumwomba ruhusa. Safari ilikuwa ya kwenda Pforzheim, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mannheim. Kabla ya hapo gari lile lilikuwa limeendeshwa masafa mafupi tu, tena aghalabu fundi akiwa karibu.

Inafaa msomaji afahamu gari lenyewe lilikuwaje. Halikuwa na usukani wa mviringo. Dereva alishika mpini mfupi uliogeuza gurudumu moja la mbele. Injini yenye silinda moja ilikuwa nyuma ya kiti, na nguvu zake hazikufika za farasi 3. Ili kuiwasha, ilibidi gurudumu zito la chuma lililolazwa chini yake lizungushwe kwa mikono. Mkanda wa ngozi ulipeleka mwendo hadi kwenye ekseli ya kati, na kutoka hapo minyororo miwili ikazungusha magurudumu ya nyuma. Mwendo wa juu kabisa ulikuwa takriban kilomita 16 kwa saa.

Hakukuwa na radieta. Maji yalizunguka silinda na kuchemka, mvuke ukapotea hewani, hivyo aliyeendesha alilazimika kuongeza maji kila mara. Bertha na wanawe walisimama kwenye visima, mikahawa na vijito kuchota maji. Dereva wa leo anayepuuza kipimo cha joto hadi injini inafoka mvuke kandokando ya barabara angeshangaa kuona kwamba mama huyo, bila kipimo chochote, hakuiacha injini yake ikauke.

Mafuta nayo yalikuwa tatizo. Chombo cha kuyahifadhi kilibeba takriban lita 4 na nusu tu, na vituo vya petroli havikuwepo popote duniani. Injini ilitumia ligroini, aina ya mafuta mepesi ambayo akina mama waliyatumia kuondoa madoa kwenye nguo na ambayo yaliuzwa katika maduka ya dawa. Walipofika mji wa Wiesloch, Bertha aliingia katika duka la mfamasia Willi Ocker na kununua ligroini. Kwa ununuzi huo, duka hilo limekuja kutajwa kuwa kituo cha kwanza cha mafuta ya gari duniani.

Baadaye injini ilianza kukohoa na kuzima. Bertha alitambua kwamba bomba jembamba la mafuta lilikuwa limezibwa na uchafu. Hakuwa na sanduku la vifaa, lakini kofia yake ilishikiliwa na pini ndefu. Akaichomoa na kulizibua bomba kwa pini hiyo.

Hitilafu nyingine ilitokea kwenye waya uliopeleka umeme wa kuwashia mafuta. Mtikisiko wa barabara ulikuwa umeuchubua. Waya uliochubuka ukigusa chuma, umeme hupotelea kwenye bodi ya gari, cheche hufa na injini huzima. Tiba yake ni kuutenga waya huo na chuma kwa kuuzungushia kitu kisichopitisha umeme. Bertha alivua ukanda uliokuwa umeshikilia soksi yake na kuutumia kuuvika waya. Visa hivi viwili husimuliwa mara nyingi kwa kicheko, kana kwamba jambo la maana ni mavazi ya mwanamke. Lakini mtu hazibui bomba asilolijua lilipo, wala hafungi waya asiojua kazi yake. Bertha alikuwa ameishi na injini za mumewe kwa karibu miaka 10.

Minyororo ililegea kwa kutumika, na mnyororo uliolegea huruka meno ya gurudumu au kukatika. Huko Bruchsal mhunzi aliisaidia familia hiyo kwa kuikaza.

Vilima ndivyo vilivyowatesa zaidi. Injini ile ndogo haikuweza kulivuta gari lenye watu watatu mlimani, hivyo baadhi yao walishuka na kusukuma. Wavulana walichoka, mama yao akachoka. Hata hivyo, kupanda mlima kwa gari dhaifu ni taabu tu. Hatari iko katika kuteremka. Yeyote aliyewahi kushuka kuelekea Mai Mahiu nyuma ya lori linalonuka breki anajua hofu hiyo. Gari la Bertha lilizuiwa kwa kipande cha mbao kilichogandamizwa na wenzo, na kadiri miteremko ilivyoongezeka ndivyo mbao ilivyozidi kulika na kupoteza nguvu ya kushika.

Wengi wangeendelea na safari kwa kuwa walikuwa wamekaribia, kwani kutoka Bauschlott hadi Pforzheim zilibakia kilomita chache tu. Bertha alisimama. Alimtafuta mshona viatu na kumwagiza apigilie vipande vya ngozi juu ya gome la breki. Ngozi hushika vyema kuliko mbao, na ikiisha hubanduliwa na kuwekwa nyingine bila kubadilisha breki nzima. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa na mafundi hadi leo: sehemu inayosuguana ndiyo hulika, na ndiyo hukaguliwa na kubadilishwa kabla chuma hakijagusa chuma.

Ukitazama orodha ya mambo yaliyomshughulisha siku hiyo, yaani maji, mafuta, waya, mnyororo na breki, utaona kuwa ndiyo hayo hayo ambayo dereva makini huyakagua kabla ya kufunga safari ndefu. Tofauti ni kwamba yeye hakuwa na kitabu cha maelekezo wala wa kumuuliza. Abiria wake, isitoshe, walikuwa watoto wake mwenyewe.

Giza lilikuwa likiingia walipofika Pforzheim, wakiwa wamejaa vumbi. Bertha alimpelekea mumewe simu ya maandishi kumjulisha kwamba wamefika salama. Baada ya siku chache walirejea Mannheim kwa gari lilo hilo, kupitia njia nyingine.

Pengine faida kubwa ya safari hiyo ni taarifa ambazo Bertha alimrudishia mumewe. Alimweleza kwamba breki zilihitaji kuboreshwa na kwamba gari lilikuwa dhaifu mno mlimani. Carl, ambaye hapo awali alibadilisha vifaa kwa kukisia akiwa karakanani, sasa alikuwa na ushahidi wa barabarani, na akaongeza gia ya nguvu ya kupandia milima. Huenda huo ndio uliokuwa mwanzo wa desturi ya viwanda vya magari kujaribu magari yao barabarani kabla ya kuyauza.

Mnamo Septemba mwaka huo huo gari lilionyeshwa mjini Munich na kupata medali ya dhahabu. Wanunuzi walianza kujitokeza, hasa Ufaransa, ambako Emile Roger alikuwa wakala wa Benz jijini Paris. Binti wa mwisho, Ellen, alizaliwa 1890. Katika miaka ya 1890 kampuni iliunda magari ya magurudumu manne, yakiwemo Viktoria na Velo, na kufikia mwisho wa karne hiyo Benz & Cie ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa zaidi wa magari duniani.

Utajiri huo haukuleta amani ya kudumu katika kampuni. Carl alitofautiana na wenzake, akajiondoa mwaka wa 1903. Mwaka wa 1906 alianzisha pamoja na Eugen kampuni ya C. Benz Söhne mjini Ladenburg, karibu na Mannheim, na familia ikahamia huko. Mwaka wa 1926 kampuni yao ya zamani iliungana na ile ya Daimler kuunda Daimler-Benz. Carl aliaga dunia Aprili 4, 1929, lakini kabla ya hapo, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 1925, alikiri kwamba mkewe ndiye aliyebaki naye pale wengine walipomkimbia.

Bertha aliishi miaka mingine 15 akiwa mjane. Mei 3, 1944, siku alipotimiza umri wa miaka 95, chuo cha ufundi cha Karlsruhe, kile kile alikosomea mumewe, kilimtunuku cheo cha seneta wa heshima. Ujerumani ilikuwa katikati ya vita. Siku mbili baadaye, Mei 5, Bertha alifariki nyumbani kwake Ladenburg.

Tangu 2008, njia aliyoipitia imewekewa alama rasmi ili madereva waifuate kutoka Mannheim hadi Pforzheim na kurudi. Mwaka wa 2016 jina lake liliingizwa katika Jumba la Watu Mashuhuri wa Magari nchini Marekani, miaka 32 baada ya la mumewe. Na huko Wiesloch, mbele ya duka la dawa aliponunua ligroini, kuna mnara wa kumbukumbu ya siku ambayo mama mmoja alisimamisha gari mlangoni na kuomba mafuta.