Shaaban Robert

Shaaban Robert (1 Januari 1909 – 20 Juni 1962) alikuwa mshairi, mwanariwaya na mwanainsha kutoka Tanganyika (leo Tanzania). Ni kati ya waandishi mashuhuri zaidi wa lugha ya Kiswahili, na baadhi ya hadithi zake zinazosomwa sana hutokea katika nchi za kubuni.

Maisha

Alizaliwa Vibambani karibu na Machui, jirani na mji wa Tanga. Alisoma Dar es Salaam miaka ya 1922–1926, kisha akaajiriwa na serikali ya kikoloni, kwanza katika idara ya forodha. Aliandika vitabu vyake vingi akiwa bado mtumishi wa serikali hiyo.

Nchi za kubuni

Kusadikika, nchi ya riwaya ya mwaka 1951, iko angani na ina mipaka sita: pepo nne, mbingu juu na ardhi chini. Mwandishi hajishughulishi sana kueleza jinsi watu wanavyoweza kuishi huko. Nchi ya riwaya ya Kufikirika, iliyochapishwa mwaka 1967 baada ya kifo chake, nayo haimo katika ramani yoyote. Katika Adili na Nduguze (1952) kuna majini, na ndugu wawili wanageuzwa manyani.

Nia za wahusika

Yanayosadikika zaidi katika hadithi hizo ni mambo yanayowasukuma watu kutenda. Waziri Majivuno anamshtaki Karama kwa kufundisha uanasheria, kwa maana raia wanaojua sheria ni tishio kwa wenye madaraka. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nje kutafuta mema, wakarudi na kutupwa gerezani. Vivyo hivyo, Hasidi na Mwivu wanamdhuru ndugu yao Adili kwa sababu ya wivu.

Hata hivyo, wahusika wengi wanabeba majina ya tabia zao na hawabadiliki sana. Kwa sababu hiyo wahakiki huwaita wahusika bapa, wakiona kwamba wanawakilisha wema au uovu kuliko kuwa watu kamili.

Umuhimu

Wahakiki wengi wameisoma Kusadikika kama fumbo kuhusu utawala wa kikoloni. Kwa kuiweka nchi hiyo angani, mwandishi aliweza kukosoa dhuluma bila kuitaja serikali yoyote. Nchi haikuwapo, lakini msomaji aliweza kuitambua hofu ya watawala wake.

Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, miezi michache baada ya uhuru wa Tanganyika.