Daktari wa Figo za Watoto Aliyekuja Kutuhukumu Akili

Ukilitaja jina la Daktari John Colin Carothers mbele ya wanahistoria wa Kenya, wengi watakunja uso. Ndiye aliyeandika, mwaka 1953, kitabu cha Shirika la Afya Ulimwenguni juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 serikali ya kikoloni ikamchapia kijitabu juu ya saikolojia ya Mau Mau. Lakini mimi, mzee niliyemaliza ujana wangu katika vyumba vya maabara huko Homa Bay na Migori, nilimfahamu kwa mlango mwingine: mlango wa figo za watoto.

Alizaliwa mwaka 1903 Afrika Kusini, akasomea udaktari Uingereza, akafika Kenya mwaka 1929 kuwa daktari wa serikali. Siku hizo nchi ya kandokando ya ziwa letu iliitwa Kavirondo. Sisi wa Homa Bay na Migori, pamoja na jirani zetu Wakisii, tulikuwa Kavirondo Kusini. Carothers alifanya uchunguzi wake Kavirondo Kaskazini, upande wa Kakamega, lakini mbu hajui mipaka ya wilaya, na ugonjwa ule kwetu haukuwa mgeni.

Msomaji aliyekulia kando ya ziwa huenda ameuona. Mtoto huamka macho yamevimba hata hayafunguki vizuri. Baada ya siku chache miguu nayo imejaa, kisha tumbo. Mkojo hupungua na kutoa povu. Majirani husema mtoto amenenepa. Wengine hunong'ona kwamba upo mkono wa mtu. Kumbe chujio za figo zimeharibika, protini ya damu inapotelea katika mkojo, na maji yanatoka katika mishipa kujaa mwilini.

Mwaka 1934, katika jarida la utabibu la Afrika Mashariki, Carothers alieleza kwamba katika damu ya watoto wa namna hiyo vilionekana vimelea vya Plasmodium malariae, mara nyingi kupita ilivyotazamiwa. Hii si ile malaria kali iuayo kwa siku chache. Hii ni mpole wa uongo: homa hurudi kila baada ya saa 72, vimelea ni vichache, na vyaweza kukaa katika damu miaka na miaka. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba kinga ya mwili hushikamana na vipande vya vimelea hivyo, vikakwama pamoja katika chujio za figo.

Hakuwa wa kwanza kuushuku uhusiano huo. Giglioli alikwisha kuandika habari za Guiana ya Kiingereza mwaka 1930. Lakini kwa upande wetu huu yeye ndiye aliyefungua njia, na wengine wakaifuata: Gilles na Hendrickse huko Ibadan mwaka 1963, kisha Daktari Kibukamusoke wa Kampala, mwana wa Afrika Mashariki, aliyetoa kitabu kizima mwaka 1973. Uchungu ni kwamba dawa huua vimelea, lakini mara nyingi figo zenyewe haziponi. Miaka ya karibuni ugonjwa huo umeonekana mara chache zaidi, na wapo mabingwa wasemao uhusiano ule si mzito kama ulivyodhaniwa.

Sasa tazama mambo ya dunia. Mwaka 1938 serikali ilimtwika Carothers hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, naye hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa huko hadi 1950. Huyu aliyekuwa akitafuta ushahidi katika damu ya mtoto alianza kuwahesabu Waafrika walioletwa Mathari, akaona ni wachache, akahitimisha kwamba wazimu ni haba kwetu. Hakuwapa uzito wa kutosha maelfu waliobaki vijijini wakitunzwa na ndugu zao, mbali kabisa na lango la Mathari. Akafika hata kudai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sehemu ya mbele ya ubongo, mithili ya Mzungu aliyekatwa ubongo huo na madaktari. Hapakuwa na hadubini iliyomwonyesha jambo hilo. Kwa maoni yangu, alikuwa amepokea jibu kutoka kwa walowezi kabla ya kuuliza swali.

Alifariki mwaka 1989. Vitabu vyake vya akili vimekanushwa na kubaki mfano wa aibu, ila ile makala ya 1934 bado hutajwa na madaktari wa figo.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa Ndhiwa, katika kaunti yetu ya Homa Bay, nami nilifurahi kama wengine. Lakini chanjo hiyo ililenga Plasmodium falciparum. Ile malaria ya Carothers haikuguswa, na anayetaka kuiona bado hana budi kuinamia hadubini muda mrefu, maana vimelea vyake ni vichache na hujificha.