Michael Faraday na asili ya neno "faradi"
Faradi, kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji ya umeme, imepewa jina la mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday. Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1791, karibu na London, mwana wa mhunzi maskini. Akiwa na miaka 14 aliwekwa kwa mjalidi wa vitabu ajifunze kazi. Kwa miaka saba alijalidi vitabu na kuvisoma, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yake kuu. Mwaka 1813 aliajiriwa Royal Institution kuwa msaidizi wa Humphry Davy.

Wataalamu wengi wa zama zile waliamini kwamba nguvu ya umeme hutenda kutoka metali hadi metali, na kilicho katikati si kitu. Mwaka 1837 Faraday alilipima jambo hilo kwa vyombo viwili vilivyolingana, kila kimoja tufe la shaba ndani ya tufe jingine. Katika kimoja aliacha hewa, katika kingine akatia salfa, kisha akaviunganisha vigawane chaji. Chenye salfa kilichukua sehemu kubwa zaidi. Kumbe kihami nacho kina kazi yake.

Jambo hilo jipya lilihitaji jina. Msomi William Whewell, aliyekwisha kumpatia maneno anodi na kathodi, akampa istilahi tunayoitamka dielektriki.

Faraday alifariki tarehe 25 Agosti 1867. Mtu aliyeomba majina ya vitu kwa wengine, jina lake mwenyewe likawa neno.